Keki ya Goli la Kwanza

Kwa misimu kumi na tisa Elwyn Noske alilinda goli la Warrakeel katika mpira wa miguu wa Kiaustralia, na hakuwahi kufunga goli hata moja. Hilo peke yake halikuwa ajabu. Kazi ya beki wa mwisho ni kuzuia, naye alizuia vizuri. Ajabu ni kwamba hakuwahi kupata hata ile pointi moja ya waliokosa, mpira unapopita pembeni mwa nguzo ndefu mbili badala ya katikati yake. Watu wengi wameipata pointi hiyo bila kukusudia. Tippett, mrefu wa timu, aliwahi kuipata kwa goti. Mchungaji wa kanisa la Kilutheri alicheza mechi mbili tu, mwaka ambao nusu ya timu ilikuwa na mafua, akaipata mara nne.

Jambo hili lingechekwa kidogo na kusahauliwa, kama isingekuwa keki.

Pale Warrakeel, mchezaji akifunga goli lake la kwanza katika timu ya wakubwa, mama yake huoka keki, nayo huliwa jioni ileile kwenye ukumbi wa klabu, mfungaji akianza kula mbele ya wote. Familia nyingi huoka keki laini ya krimu, ambayo huiva wakati wanaume wanaoga. Kina Noske ni Wajerumani wa zamani na keki yao ni ya hamira, bapa, yenye chengachenga za siagi na sukari juu, na unga wake lazima ulale usiku mzima. Kwa hiyo mwaka 1968, Elwyn alipopangwa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na saba, mama yake, Hulda, aliukanda unga tangu Ijumaa. Jumamosi jioni unga ulikuwa umeumuka ukainua kitambaa, na Elwyn alikuwa hajavuka katikati ya uwanja.

"Hukwenda hata kuangalia?" Hulda alimuuliza.

"Kuangalia nini, Mama?"

"Upande wa pili. Wenzako wote walikuwa wanakwenda."

Unga ule ukawa mikate. Ijumaa iliyofuata aliukanda mwingine, nao ukawa mikate. Mwezi wa saba Hulda aliacha kukanda, akasema atangoja dalili.

Dalili zilikuwa chache. Mwaka 1971 Elwyn alijikuta na mpira hatua chache kutoka kwenye nguzo za wapinzani, pasipo mtu mbele yake, na kwa mazoea akageuka akampasia mwenzake. Mwaka 1973 klabu moja kubwa ya Melbourne ilimwita kwa majaribio. Alicheza nusu mechi dhidi ya mshambuliaji ambaye picha yake ilikuwa kwenye maboksi ya nafaka za asubuhi, na bwana huyo hakuugusa mpira. Wakamwambia Elwyn arudi Jumanne. Jumanne ilikuwa siku ya kukata manyoya ya kondoo, na wakataji walikuwa wameshaitwa. Alipanda treni akarudi nyumbani, wala hakuona kwamba kulikuwa na la kujadili. Mwaka 1977 Warrakeel walipotwaa ubingwa, aliokoa mpira wa mwisho kwenye mstari kwa mdomo, akapoteza meno mawili. Valmai, mkewe, alimuuliza mama mkwe kama tukio hilo halistahili keki.

"Keki ni ya goli," Hulda alijibu. "Meno yana supu yake."

Valmai alikuwa na sababu ya kuuliza. Baba yake alikuwa mfungaji aliyeogopwa wilaya nzima, na picha yake ilitundikwa ukumbini juu ya birika la chai. "Mimi nimetoka kwenye nyumba ya magoli," alikuwa akiwaambia wanawake wenzake jikoni mwa klabu, "nikaolewa kwenye nyumba ya hamira."

Elwyn hakuwa mtu wa kutamani vitu. Gari lake lilikuwa lilelile, na kofia ilikuwa ya marehemu baba yake. Lakini goli alilitaka. Mwaka 1986, magoti yake yalipokuwa yakilia kila anapopanda ngazi za kanisa, alitangaza mezani kwamba huo ndio msimu wa mwisho. Tangu siku hiyo akawa anakwenda nyuma ya banda la manyoya kupiga mpira katikati ya mapipa mawili ya dizeli. Alimwambia mkewe kwamba anakagua uzio. Valmai alikuwa anaona kila kitu kutoka dirisha la jikoni, na aliona pia kwamba uzio ulikuwa unapigwa zaidi kuliko mapipa.

Mechi ya mwisho ilikuwa nyumbani dhidi ya Tarrigal. Timu zote mbili zilikuwa chini kabisa kwenye msimamo, na aliyeshindwa angebaki mkiani mpaka mwaka unaofuata. Magari yaliuzunguka uwanja, pua kwenye uzio, kama kawaida, ili watu watazame mechi bila kuacha joto na wapige honi goli linapofungwa. Hulda, ambaye sasa alikuwa na miaka sabini na minne, aliliegesha lake mahali pake pa siku zote, karibu na nguzo za kaskazini. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na kopo kubwa la bati.

"Nini hicho, Mama?" Valmai aliuliza alipomletea chai.

"Keki. Safari hii nimeioka kabisa."

"Na asipofunga?"

"Basi nitakuwa nimeoka," Hulda alisema, akapandisha kioo.

Akina mama wa klabu walikuwa wamemtengenezea Elwyn pazia la karatasi lenye jina lake, ili alipasue kwa kifua wakati wa kuingia. Upepo ulilipasua kabla yake. Aliingia akikimbia katikati ya miti miwili mitupu, na watu wakampigia makofi vilevile.

Kwa robo mbili alisimama nyuma kama siku zote. Katikati ya robo ya tatu mtu wa Tarrigal alimgonga goti kwa bahati mbaya, Elwyn akatoka akichechemea, akakaa kwenye benchi na barafu iliyofungwa kwenye taulo la baa. Baa hiyo ilikuwa ya Darcy Mulcahy, ambaye pia ndiye kocha. Zilipobaki dakika nane, Tarrigal wakiongoza sitini na tatu kwa sitini, Mulcahy alimgeukia.

"Unaweza kukimbia?"

"Hapana."

"Vizuri, mshambuliaji wa kati hana haja ya kukimbia. Nenda kasimame mbele ya nguzo zao."

"Mimi? Mbele?"

"Mzee, acha maswali. Ukichelewa nitafikiri tena nibadilishe mawazo."

Akamwita Lenny Schier, fundi umeme wa mji, ambaye kila Jumamosi huvaa kaptula na kupeleka maneno ya kocha kwa wachezaji uwanjani. "Kamtoe Tippett. Elwyn anaingia badala yake. Haraka!"

Timu huchezesha watu kumi na wanane, na sheria inamtaka anayetoka atoke kwanza. Tippett alikuwa upande wa pili kabisa wa uwanja, mikono kiunoni. Lenny akaanza kukimbia kwenda kwake. Mulcahy, akiona muda unakwisha, akamsukuma Elwyn ndani.

Mashabiki wa Tarrigal walioegemea uzio walimpokea.

"Babu, umepotea! Kwenu ni upande ule!"

"Jamani msimtishe, anatafuta choo!"

"Nguzo ndizo zile ndefu, babu. Haziumi!"

Elwyn alisimama mahali alipoambiwa. Beki wa Tarrigal alimtazama usoni, akamwonea huruma, akasogea pembeni kidogo. Ilikuwa kosa. Elwyn alikuwa amesoma mipira ya juu kwa misimu kumi na tisa, na mpira wa juu ni uleule, hata ukiutazama kutoka upande wa pili. Kila mchezaji wa Warrakeel aliyekuwa na mpira sasa alikuwa anamtafuta yeye. Wa kwanza ulipita. Wa pili ulikuja juu, ukijizungusha polepole, naye akanyoosha ile mikono mirefu akaudaka juu ya kichwa cha yule beki. Anayedaka hivyo hupewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa. Alikuwa mita ishirini na tano, karibu uso kwa uso na nguzo.

Elwyn alirudi hatua kadhaa, akapangusa mpira kwenye kaptula, akayakumbuka mapipa ya dizeli, akaona hayana faida yoyote, akapiga.

Mpira ulitoka vibaya. Ulikwenda kiubavu, ukayumba kama kuku aliyefukuzwa jikoni, ukaelekea nguzo ya kulia, upepo uleule uliopasua pazia ukaurudisha kati, nao ukapita. Mwamuzi wa goli, ndani ya koti lake jeupe, alinyoosha vidole viwili mbele, akachukua bendera zake mbili akazipunga.

Sitini na sita kwa sitini na tatu. Honi zililia kwa pamoja. Wachezaji walimkimbilia wakamwangusha, wakajirundika juu yake, na watu wakaanza kuruka uzio, wanaume wenye glasi za bia, wanawake wenye aproni na pai za nyama mikononi. Hakuna aliyewahi kuona jambo hili, na wengi wao walikuwa wamelisubiri tangu wakiwa shule ya msingi.

Mtu mmoja hakukimbia. Des Hallam, nahodha wa Tarrigal, alikuwa dalali wa mifugo. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye geti na kuhesabu kondoo wanapopita mbio, watatu watatu, na wilaya nzima ilikubali hesabu yake bila kuhesabu tena. Kidole chake kilikuwa kinacheza pajani bila yeye kutaka. Alikuwa analitazama lile rundo la jezi nyekundu likifumuka. Tatu, sita, tisa. Lilipokwisha alipata kumi na wanane. Kisha akageuza kichwa, akamwona Tippett upande wa pili wa uwanja, peke yake, ameinama ameshika magoti, amechoka kiasi cha kushindwa kuja kusherehekea.

Hallam alimwendea refa. "Naomba hesabu," alisema.

Kila mtu anayecheza mchezo huu anaijua sheria hiyo, na karibu hakuna aliyewahi kuiona ikitumika. Nahodha akidai hesabu, mchezo husimama na wapinzani hupangwa mstari wahesabiwe. Wakizidi, kila walichofunga tangu mwanzo kinafutwa. Refa, Bwana Pym, alipuliza filimbi akatoa amri.

Mulcahy alikuwa ameshafika katikati ya umati. Alimkuta Lenny amesimama palepale njiani, mikono kichwani, machozi machoni.

"Lenny. Nilikutuma nini?"

"Nimtoe Tippett."

"Na Tippett yuko wapi?"

Lenny alitazama. "Mpira ulikuwa unakwenda kwa Elwyn," alisema. "Nilitaka nione kwanza, Darcy."

Mulcahy hakupoteza muda wa kutukana. Tippett, kwa urefu ule, hafichiki. Lakini katikati ya watu mia mbili waliojaa uwanjani, mtu wa kimo cha kawaida anaweza kupotea. Alivua koti lake akamtupia Elwyn mabegani, akamfunga vifungo.

"Sikiliza. Wewe ni mtazamaji. Tembea polepole mpaka nje ya mstari. Ukitoka tunabaki kumi na wanane, na goli lako linabaki."

"Lakini nilikuwemo."

"Nani amekuuliza ulikuwa wapi? Tembea!"

Elwyn alitembea. Mtu alimpa nusu ya pai, akaishika. Mwingine alimpigapiga mgongoni akamwambia, "Goli zuri, Elwyn," kwa sauti kubwa mno. Alivuka mstari wa pembeni, akafika kwenye uzio, na gari lililokuwa mbele yake, karibu na nguzo za kaskazini, lilikuwa la mama yake. Kioo kilishuka.

"Unakwenda wapi?"

"Nakuja kukaa kidogo, Mama. Baridi."

"Koti la nani hilo?"

"La Mulcahy."

"Linanuka bia. Livue. Wanahesabu kule."

Elwyn aliinama mpaka dirishani. "Nikihesabiwa, goli linafutwa."

"Najua. Nimekua na kondoo. Mlikuwa kumi na tisa tangu ulipoingia."

Alimtazama mama yake. Hulda alikuwa amekaa wima, glavu mikononi, kofia ya kanisani kichwani.

"Ulijua? Mbona hukusema? Si ungepiga honi!"

Hulda alifuta mvuke kwenye kioo cha mbele, mahali ambapo tayari palikuwa pasafi.

"Nilitaka nione kwanza," alisema. "Sasa nimeona. Nenda ukahesabiwe."

"Na keki?"

"Keki ni ya goli lililopo."

Alivua koti, akaliweka na ile nusu ya pai juu ya gari, akarudi. Alisimama mwisho wa mstari karibu na Tippett. Mulcahy alipomwona alikaa chini kwenye nyasi. Bwana Pym alipita akigusa kila mtu begani, akafika kwa Elwyn, akasema kumi na tisa kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Mzee wa ubao wa matokeo alizitoa namba za bati za Warrakeel moja moja, akakaa kitambo akitafuta sifuri, kwa sababu kwa kawaida haihitajiki mechi ikiwa karibu kwisha.

Hallam alimkaribia. "Nisamehe, Elwyn. Lilikuwa goli zuri."

"Lilikuwa baya," Elwyn alisema. "Ila lilipita."

Zilibaki dakika tatu. Tippett alitoka huku akizomewa na timu zote mbili, jambo ambalo hakulistahili. Sitini na tatu kwa sifuri hakuna cha kuokoa, kwa hiyo Warrakeel wakaacha kucheza mechi wakaanza kumchezea mtu mmoja. Kila mpira ulipigwa kwa Elwyn. Mmoja ulimpiga begani. Mmoja aliudaka, lakini refa akasema mwingine ameugusa kwanza, kwa hiyo hapewi nafasi ya kupiga. Mulcahy alikuwa amesimama tena, akipiga kelele ambazo nusu yake hazikuwa maneno. Mpira wa mwisho ulianguka chini mbele yake ukadunda, na kwa kuwa mpira wa umbo la yai haujui unakokwenda, ulidunda kurudi kwake. Aliupiga hapohapo, bila kufikiri. Ulikwenda ukagonga nguzo ndefu, ukarudi.

King'ora kililia.

Mpira uliogonga nguzo ni pointi moja. Mwamuzi wa goli alinyoosha kidole kimoja, akapunga bendera moja. Mzee wa ubao, ambaye sifuri ile ilikuwa imemtesa, aliitoa mbio. Tarrigal sitini na tatu, Warrakeel moja. Honi zililia kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza, na za Tarrigal zilikuwemo.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Mulcahy alitoa hotuba fupi. "Leo timu nzima imepata pointi moja, na tunajua nani kaileta. Ninyi wengine mjieleze kwa wake zenu." Kila wiki muuza nyama hutoa sahani ya soseji kwa aliyeifungia timu zaidi ya wengine. Muuza nyama alisita, akaitazama sheria yake mwenyewe kwa muda, akampa Elwyn soseji. Lenny Schier alishangilia peke yake, akanyamazishwa.

Ukumbini watu walikuwa wameshapanga meza. Hulda aliingia na kopo lake, akaliweka katikati, akafungua. Harufu ya siagi ikaenea. Hallam, ambaye kwa desturi alikaribishwa chai kama nahodha mgeni, tayari alikuwa na kisahani mkononi.

"Mama," Valmai alisema, "leo mkatie tu. Miaka yote hii! Sote tumeona ulipita."

"Nimeona na mimi." Hulda alichukua kisu. "Goli ni pointi ngapi?"

"Sita," alisema Mulcahy.

"Na mwanangu amepata ngapi?"

"Moja."

Hulda alipima keki kwa macho, akapima tena kwa ubapa wa kisu, akaikata vipande sita vilivyolingana. Kimoja akakiweka kwenye sahani mbele ya Elwyn. Vitano akavifunga kwenye karatasi, akavirudisha kwenye kopo, akabana mfuniko kwa viganja vyote viwili. Hallam akarudisha kisahani chake mezani taratibu.

Elwyn alikula amesimama, chini ya picha ya baba mkwe wake, ukumbi mzima ukimtazama. Alikula kipande chote, kisha akaokota chenga zilizobaki kwa kidole kilichovunjika mwaka 1980.

"Imekauka kidogo," alisema.

"Imesubiri," Hulda alijibu.

"Na hivyo vitano, Mama?" Valmai aliuliza. "Vinakwenda wapi?"

"Friza."

"Mpaka lini?"

Hulda hakumtazama mkwewe. Alikuwa anayatazama magoti ya mwanawe, moja baada ya jingine, kama mtu anayeamua kondoo yupi abaki na yupi apelekwe mnadani.

"Vikifungwa vizuri," alisema, "vinakaa mwaka mzima."

Mwezi wa tatu, siku ya kwanza ya mazoezi, Mulcahy alimkuta Elwyn Noske kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, akijifunga bandeji kwenye magoti yote mawili.

"Wewe si ulistaafu?"

"Nimebakiza vipande vitano," Elwyn alisema, akavuta bandeji ikakaza. "Sasa mwaka huu, nisimame upande gani?"